Mashine ya Herufi Kubwa

Jumatatu, 3 Machi

Kwako Bi Karani,

Leo miezi saba kamili tangu utuache. Naandika kwenye daftari la mahudhurio ulilolibakiza, lile lenye safu ya "Yupo" na "Hayupo". Nimejiwekea alama Yupo.

Habari kubwa! Shule yako inataka kutundika picha yako ofisini, kando ya dirisha ulilokaa miaka thelathini na moja. Chini ya picha utakuwepo ukurasa wa maelezo yako. Mmoja tu, maana fremu ina nafasi ya mmoja. Mwalimu Mkuu anautaka kwa barua pepe, uliochapwa kwa kompyuta, kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Mwandiko wa mkono hapokei.

Binti yetu alipiga simu kutoka hospitali anakofanya kazi. Akasema Mjomba ameshajitolea kuandika. Mjomba! Yaani kaka yako, Mkaguzi wa Shule Mstaafu, mtu aliyetoa pongezi siku ya harusi yetu kwa utangulizi, kiini na hitimisho. Nikauliza ataandika nini. Binti akasema amesomewa mwanzo: "Marehemu alikuwa mhimili imara wa sekta ya elimu."

Mhimili! Wewe, uliyekuwa huwezi kubeba ndoo ya maji bila kuitua mara tatu usalimie watu!

Nikasema nitaandika mimi. Binti akauliza kwa upole kama Baba anajua kompyuta. Nikacheka kicheko cha mtaalamu. Nikamkumbusha kwamba nimetengeneza mashine za kuchapia miaka arobaini, na kompyuta ni mashine ya kuchapia iliyooa televisheni. Akasema haya, basi wote wawili tuandike, Mwalimu Mkuu atachagua mmoja.

Sijawahi kugusa kompyuta. Yako niliwahi kuifuta vumbi tu.

Mchana huohuo nikajiandikisha maktaba: Darasa la Kompyuta kwa Wazee Wanaoanza. Kwenye nafasi ya "ujuzi wako" nikaandika: Mkubwa.

Jumanne, 4 Machi

Darasa liko chumba cha nyuma cha maktaba, saa nne asubuhi. Kompyuta sita, wazee watano, feni moja inayolalamika. Mwalimu ndiye msimamizi wa maktaba, mama wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watu.

Nilikwenda mapema nipate kiti cha mbele. Nani alikuwa ameshakaa mbele? Kaka yako! Tai shingoni, kalamu tatu mfukoni. Akaniuliza, "Shemeji, umekuja kusoma au umesikia kuna kitu kimeharibika?" Nikamjibu nimekuja kukagua hali ya mashine. Neno "kukagua" halikumpendeza. Nilijua halitampendeza.

Nikakaa nyuma kando ya Mkunga, mama mstaafu mwenye miwani ya kamba. Amezalisha nusu ya mtaa huu na kila mtu kwake ni "mwanangu", hata mimi ninayemzidi miaka minne.

Mwalimu akatugawia karatasi ya vidokezo. Cha kwanza: Usiogope, kompyuta haiharibiki kwa kubonyezwa. Cha pili: Bonyeza mara moja, kisha subiri. Cha tatu: Usipojua, uliza. Cha nne: Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Mtu aliyefungua matumbo ya mashine elfu moja haambiwi asiogope.

Tukaanza na kipanya, kile kidude cha mkononi kinachoongoza mshale. Changu kilifika ukingo wa meza na mshale haujafika nusu ya safari. Nikaomba radhi, nikakiendeleza kwenye meza ya Mkunga, juu ya mkoba wake. Akasema, "Mwanangu, kinyanyue ukirudishe ulipoanzia. Au kimekatazwa kupaa?" Mbele kule kaka yako akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

Kisha kuchapa. Hapo nilijua nitang'ara. Vitufe vimepangwa vilevile! Nikavipiga inavyostahili, chuma kipate kufika kwenye karatasi. Mwalimu akaja mbio. Akasema nibonyeze taratibu, chumba cha pili watu wanafikiri tunapigilia misumari. Nikafika mwisho wa mstari, nikasubiri kengele. Hakuna kengele. Maneno yakashuka mstari wa pili yenyewe, hayakungoja mtu. Mashine isiyokujulisha mstari umekwisha haina adabu. Nikaamua niwe nayashusha mwenyewe.

Tatizo likawa macho. Pua yangu iligusa kioo mara mbili. Mwalimu akanihamishia kompyuta ya pembeni, akasema hiyo ameiandaa kwa ajili ya wenye macho yaliyochoka. Herufi zake kama ngumi! Nikaielewa papo hapo. Unakumbuka ile mashine ya shule ya wasioona vizuri, niliyoileta nyumbani ukaichapia orodha ya sokoni, na nyanya zikajaza karatasi nzima? Ndiyo hiyohiyo, ila ya umeme. Mashine ya herufi kubwa. Mwalimu alitaka kunieleza zaidi. Nikamwambia asijisumbue, mashine hizi nazijua.

Jumatano, 5 Machi

Leo sijivunii. Lakini daftari ni lako, na wewe hujawahi kufichwa kitu ukakikosa.

Jana wakati wa kutoka nilipita nyuma ya kaka yako. Anachapa kwa kidole kimoja, kama anayemwonya mtoto, ila yuko mstari wa ishirini! Mhimili, dira, nembo ya uadilifu. Nilitafuta mahali ulipo humo. Hukuwemo.

Nikapata mpango. Asubuhi nikafika saa tatu na bisibisi yangu ndogo, nikamwambia Mwalimu kwamba vitufe vimejaa makombo na nitavisafisha bure. Alifurahi mno. Nikang'oa, nikapuliza, nikarudisha. Kwenye kompyuta ya mbele, ile ya kaka yako, nikavibadilisha nafasi vitufe viwili. Viwili tu! Lengo halikuwa kumkomoa. Lengo lilikuwa apunguze mwendo.

Saa nne kaka yako akaingia na kompyuta mpya kwapani. Ya kwake mwenyewe! Mwanawe amemnunulia. Akajitengea meza dirishani, akaifungua polepole ili sote tuone.

Kiti cha mbele akapewa Mkunga.

Alikuwa anamwandikia mjukuu wake barua ya kwanza maishani mwake kwa kompyuta. Akachapa, akasoma, akafuta. Akachapa tena. Baada ya nusu saa akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akasema taratibu kwamba labda umri wa kujifunza umempita, heri arudi nyumbani akaanike nguo. Hakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Nikasimama na bisibisi. Nikasema nahisi kuna hitilafu ndogo. Sekunde thelathini, vitufe vikarudi kwao. Darasa likanipigia makofi! Mkunga akanipa peremende mbili na kusema Mungu anipe maisha marefu. Nikazila peremende zote mbili. Hazikushuka vizuri.

Kaka yako hakupiga makofi. Akasema yeye amekagua madarasa miaka ishirini na sita, na sura ya mtoto aliyekalia chaki ya mwalimu anaijua. Nikamwambia, "Shemeji, wewe hitimisha mhimili wako."

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika! Kuanzia saa nne mpaka maktaba inafungwa, na Mwalimu akaniachia muda wa ziada kwa sababu ya kazi ya vitufe. Kidokezo cha nne nimekitii kwa uaminifu: kila mistari miwili, nahifadhi.

Nimeandika jinsi ulivyokuwa unapuliza vitufe kabla ya kuanza kuchapa, kama mtu anayepoza uji. Droo yako ya chini iliyokuwa na soksi za akiba za watoto wanaofika wamelowa. Wino wa karatasi ya nakala uliokuwa unabaki kidevuni kwa sababu ulikuwa unafunika mdomo ukicheka. Barua yangu ya kwanza kwako, uliyonirudishia ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na chini umeandika: "Nakubali. Angalia nafasi baada ya nukta."

Nimeandika pia kuhusu kibanio cha nywele. Niliitwa shuleni kwenu mara tatu mwezi mmoja, mashine ileile, na kila mara nakuta kibanio cha nywele kimenasa kati ya vyuma. Mara ya tatu nikaelewa kwamba kibanio hakina miguu. Nilitengeneza vibaya makusudi ili niitwe mara ya nne.

Nikamaliza. Nikajisikia kama nimekaa na wewe jikoni. Kisha nikaangalia pembeni mwa kioo. Kurasa tisa!

Nikampigia Binti. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, fremu ikiwa ya kurasa tisa kuna ubaya gani. Akasema, "Baba, mmoja." Nikasema tano? Akasema mmoja, na Mjomba wake ameshamaliza, maneno mia nne na kumi na mbili, ukurasa mmoja kamili.

Nikatafakari. Karatasi ni ileile. Yeye maneno mia nne yanaingia, na mimi mia nne na hamsini yanamwagika kurasa tisa. Jibu ni moja: kompyuta yake ni ya herufi ndogo na hii ni ya herufi kubwa. Kila mashine na herufi zake, zimechongwa kwenye chuma, huwezi kuzibadilisha bila kuagiza vipuri. Hili hata fundi mwanafunzi analijua.

Mwalimu alipita, akaona kurasa zangu, akaanza kusema kwamba pale juu kuna namba. Nikamwambia asante, namba nimeziona, ni tisa. Akaanza tena. Nikamwambia fundi hafundishwi nyundo. Akaenda zake. Ana subira yule mama.

Basi ni kukata.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekata.

Saa tatu na nusu niliondoa harusi. Nilijiambia harusi kila mtu anayo. Nikahifadhi. Kurasa saba. Nikaondoa safari yetu ya kumpeleka Binti chuoni, na wewe ulivyolia basi zima likakupa leso. Nikahifadhi. Nikaondoa barua nyekundu. Hapo nilisimama kwanza, nikatoka nje, nikanywa maji ya bomba, nikarudi. Nikahifadhi.

Saa tano kasoro, kurasa nne. Kaka yako akatangaza kwa darasa zima kwamba amekwisha kutuma. Akatoa leso, akafuta kompyuta yake, akaifunga. Akasema hataki kunisumbua mimi shemeji yake, ila saa haimngoji mtu mwenye bisibisi.

Kibanio kikaondoka. Soksi zikaondoka. Wino wa kidevuni niliuacha mpaka mwisho. Nilijaribu kuuingiza kwa kuondoa jina langu, lakini bado ulivuka mistari miwili ukadondokea ukurasa wa pili. Nikaufuta. Nikahifadhi.

Yakabaki haya:

"Alikuwa karani wa shule hii miaka thelathini na moja. Hakuna mtoto aliyefika dirishani kwake akilia asiulizwe jina lake. Alilichapa jina hilo bila kosa. Mimi nilikuwa fundi wa mashine yake."

Ukurasa mmoja. Umejaa pomoni.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, na sijui kutuma. Mwalimu alikuwa kaunta na foleni ya watu wanaorudisha vitabu. Kidokezo cha tatu kinasema uliza. Niliuliza kwa njia yangu. Nikamwambia Mkunga kwamba nataka kuona kama amekumbuka somo la kutuma. Akavuta kiti. Akasema faili haliendi lenyewe, lazima uliambatishe, bonyeza hapo penye alama ya kibanio cha karatasi. Sasa chagua. Sasa tuma. Akaniambia, "Sukuma, mwanangu, sukuma, kichwa kimeshatoka!" Ikaenda! Saa sita kasoro dakika tano. Tukapeana mikono kama tuliopata mtoto.

Kisha akainama akatazama kioo. Akauliza mbona nimeandika kama kibao cha kuonya watu kuna shimo mbele. Nikamweleza ndiyo umbo la mashine, haibadiliki. Mwalimu alikuwa amefika nyuma yetu. Akaweka mkono kwenye kipanya, akabonyeza ile namba ya juu, na sentensi zako nne zikanywea mpaka zikawa kipande kidogo juu ya karatasi nyeupe. Chini yake ukabaki uwanja mtupu.

Palikuwa na nafasi ya kila kitu.

Nikakaa. Mwalimu akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimebakiza nakala ya zile kurasa tisa. Nikamwambia hapana. Nimehifadhi kila baada ya kukata, kama karatasi yake ilivyoelekeza. Ni kidokezo pekee nilichofuata.

Mkunga akatoa peremende, akaifungua mwenyewe, akanitia mkononi.

Nikawaambia ni mashine nzuri.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikukuandikia barua. Nilikaa tu, nikayaandika yale niliyoyafuta kwenye kurasa za nyuma za daftari hili, safu ya "Yupo". Yote yameingia. Wino wa kidevuni upo mstari wa kwanza.

Leo Binti alipiga simu. Sikutaka kuuliza. Nikauliza hali ya hewa. Akasema Mwalimu Mkuu aliweka kurasa mbili ukutani, akatoka nje, akasimama kwenye foleni ya wazazi, pale wanaposimama kulipia na kuuliza. Wa Mjomba ulionekana kama zulia la kijivu. Wangu aliusoma wote kupitia kioo cha dirisha. Na mama mmoja wa mbele yake kwenye foleni alikuwa ameshausoma, akasema, "Huyu ndiye aliyeniuliza jina mimi." Umetundikwa wangu! Wa Mjomba umewekwa kwenye jalada lako, na jalada limewekwa kabatini kwa heshima.

Binti alikuwa analia na kucheka. Amerithi kwako, hawezi kufanya moja.

Saa kumi kaka yako akabisha hodi. Bila tai! Nikadhani amekuja kugomba, nikaficha bisibisi sijui kwa nini. Akakaa kiti chako. Nikamwacha. Akasema amekwenda kuuona. Akaangalia mikono yake. Kisha akasema kwamba alitembelea shule ile kwa ukaguzi mara kumi na nne, na kila mara alipitia mlango wa mbele. Hakuwahi kusimama dirishani. Hakujua unawauliza majina.

Nikamwambia nina kurasa zaidi, akitaka nitamsomea. Nikamsomea soksi na kibanio. Kwenye kibanio akacheka hadi miwani ikateleza. Akasema ule mwaka mama yenu alikuwa anauliza kila siku nani anaiba vibanio ndani ya nyumba, na yeye alichapwa kwa ajili hiyo. Nikamwomba radhi kwa niaba yetu sote wawili.

Alipofika mlangoni akageuka. Akajikuna shingo. Akauliza, kama mtu anayeuliza tu, nimefanyaje herufi zikawa kubwa vile.

Nikamwambia, "Shemeji, hizo ni siri za ufundi."

Jumatatu, 10 Machi

Maendeleo! Nimebandika karatasi kwenye ubao wa maktaba: "Vidokezo vya Kompyuta kwa Wazee, Kutoka kwa Fundi Mzoefu." Cha kwanza: Tafuta mashine ya herufi kubwa. Cha pili: Ile namba ya juu usiiguse, inanyausha maandishi. Cha tatu: Maneno yakizidi karatasi, tatizo ni maneno. Mpaka saa saba wazee wawili wameshajiandikisha kwangu. Kaka yako ni wa tatu. Amejaza "ujuzi wako": Wa kati.

Mwalimu aliisoma karatasi yangu kuanzia juu mpaka chini, akavuta pumzi, akasema angependa tukae dakika tano tu anionyeshe jambo. Nikamwambia asijisumbue, najua.

Mchana Binti akapiga simu. Anasema picha zako zote ziko mahali fulani ndani ya kompyuta yako, picha elfu mbili na zaidi, na anatafuta mtu wa kumlipa azipange ziwe kitabu. Akauliza kama namfahamu fundi wa kazi hiyo. Nikacheka kile kicheko. Nikamwambia asitupe pesa, Baba yake yupo, ni kazi ya alasiri moja.

Kompyuta yako nimeshaitoa kabatini. Nimeifuta. Iko mezani hapa mbele yangu, imefungwa, na nimeizungushia mkono pande zote nikitafuta pa kuiwashia. Nadhani ni suala la skrubu nne za chini.

Nikumbuke, Bi Karani.